Korongo Kwanza, Wanyama Baadaye: Siku Moja Hell's Gate Ukitokea Nakuru

Watu wa Kisumu, Kakamega na Kericho huipita Naivasha mara nyingi wakiwa njiani kwenda Nairobi. Wanasimama kando ya barabara, wananunua mtindi na viazi, kisha safari inaendelea. Hata sisi wa Nakuru, tulio karibu zaidi, wengi wetu tunaijua kwa dirisha la matatu tu. Lakini ukikata kuelekea kusini mwa ziwa, kama nusu saa kutoka barabara kuu, unafika kwenye mbuga ya taifa ya Hell's Gate, mbuga ndogo ya kilomita za mraba 68 hivi. Humo unaruhusiwa kushuka garini, kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli huku pundamilia wakila nyasi hatua chache kutoka kwako. Ndani yake lipo korongo la Ol Njorowa, lenye kuta za mwamba na maji ya moto yanayochuruzika kutoka kwenye nyufa.

Nimeenda huko mara nyingi, peke yangu na nikiwa na watoto, na kila ninayempeleka namwambia neno moja kabla ya mengine yote: korongo kwanza, wanyama baadaye. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanaingia saa tatu, wanazunguka taratibu wakipiga picha za twiga, wanakula, kisha wanafika korongoni saa saba au saa nane mchana. Huo ndio wakati mawingu yanapoanza kukusanyika juu ya Bonde la Ufa. Mvua ya nyanda hizi hupenda kunyesha alasiri. Twiga atakuwepo jioni. Korongo ni la asubuhi.

Chagua siku

Miezi yenye mvua kidogo ni Januari na Februari, halafu Juni mpaka Septemba. Machi hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba huja vuli. Hata hivyo usiiamini kalenda peke yake. Tarehe 1 Septemba 2019, siku ya Jumapili, katika mwezi ambao wengi wetu tunauhesabu kuwa wa kiangazi, mafuriko ya ghafla yaliwakuta watu ndani ya korongo na saba wakafa, mwelekezi wao akiwa mmoja wa hao saba. Miaka saba kabla ya hapo, Aprili 2012, vijana saba wa kanisa walikuwa wamekufa kwa namna hiyo hiyo. Nayataja haya mapema kwa sababu namna maji yanavyokuja pale ndiyo inayoamua mpangilio wote wa siku, kuanzia saa ya kuamka.

Korongo lenyewe lilichongwa na maji. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kirefu kuliko sasa, na maji yake yalifurika kuelekea kusini kupitia hapa, yakakata mwamba mpaka ikatokea njia hii unayoiona. Leo ziwa halifiki huko tena, lakini mvua bado inaikumbuka njia. Miinuko iliyo juu imefunikwa na majivu ya volkano, na mvua kubwa ikinyesha huko maji hutelemka kutoka pande nyingi na kuingia kwenye mkondo mmoja ambao mahali pengine watu wawili hawawezi kupishana. Wewe ulioko chini unaweza kuwa umesimama juani, koti umelifunga kiunoni, huku mvua inanyesha mahali usipopaona. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari angalia utabiri wa Naivasha na wa miinuko inayoizunguka. Kama kumenyesha usiku kucha, ahirisha. Mbuga haihami.

Jiandae jana yake

Kiingilio hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen. Kifanye ukiwa nyumbani usiku, intaneti ikiwa nzuri, badala ya kuhangaika na simu langoni huku foleni inakungoja. Raia wa Kenya hulipa kiwango chake tofauti na wageni, basi beba kitambulisho, na kwa watoto beba cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha shule. Beba pia pesa kidogo taslimu kwa ajili ya bodaboda na wachuuzi wa njiani, ingawa wengi hupokea M-Pesa.

Viatu ndivyo jambo kubwa. Vaa viatu vya kufungwa vyenye soli yenye meno, ambavyo hutavionea huruma vikilowa. Nimewaona watu wakishuka korongoni kwa malapa, na wote walirudi juu wakiwa wameyashika mkononi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi utataka sweta, na ikifika saa nne utataka kofia. Maji, lita mbili kwa kila mtu, hata mtoto. Chakula kiwe cha kufunga: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Kitie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, si kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nyani wa mle wanajua mfuko una nini kabla hujaufungua.

Barabara

Kutoka Nakuru mjini hadi Naivasha ni kama kilomita 70. Ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukitoka Kisumu, ambako ni takriban kilomita 180 kupitia Kericho kabla hujafika Nakuru, usijaribu kufanya yote kwa siku moja. Lala Nakuru.

Unapita Gilgil, na kabla ya hapo Ziwa Elementaita linaonekana upande wa kulia, chini ya barabara. Jua likiwa linachomoza maji yake huwa ya rangi ya fedha, na ukingoni heroe wanaonekana kama mstari wa waridi. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mtu aliye kando ya dereva na atazame kwa niaba ya dereva, maana barabara hii ina malori mengi na kuna wanaopita mengine penye kona. Acha wapite.

Ukifika Naivasha jaza mafuta na uangalie upepo wa magurudumu, pamoja na spea. Kisha ingia Moi South Lake Road, barabara inayofuata ziwa upande wa kusini. Asubuhi utakutana na mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua na watu wengi kwa miguu na baiskeli. Nenda polepole. Vibanda vya plastiki vya kukuzia maua vinaendelea kwa kilomita nyingi, halafu bango la mbuga linakuelekeza kushoto. Kutoka hapo hadi lango la Elsa ni kilomita mbili hivi.

Usipokuwa na gari, panda matatu ya Naivasha kwenye steji ya Nakuru, kisha ukifika mjini panda nyingine inayokwenda Kongoni, na umwambie kondakta akushushe kwenye njia panda ya Hell's Gate. Pale kuna bodaboda, na kuna vijana wanaokodisha baiskeli. Mimi kwa kweli napendelea safari hii ya matatu na baiskeli kuliko ya gari. Kwenye gari unaangalia mbuga. Ukiwa juu ya baiskeli unaisikia: upepo, kwato, na harufu ya leleshwa, kile kichaka chenye majani ya kijivu kinachonukia kama kafuri ukikigusa.

Kabla ya kulipia baiskeli ijaribu. Finya breki zote mbili ukiwa unasukuma, panda uzungushe mara moja, badilisha gia. Tikisa usukani uone kama umelegea. Omba pampu. Usione haya kurudisha baiskeli ya kwanza na ya pili. Breki ikikatika kilomita ya sita hakuna fundi pale.

Langoni

Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Jaribu kufika kabla ya saa mbili. Waulize askari wa wanyamapori maswali matatu, na usiondoke mpaka yajibiwe: njia ya korongoni iko wazi leo? Jana na usiku kulinyesha huko juu? Mwisho wa kushuka ni saa ngapi? Uongozi wa mbuga umewahi kulifunga korongo baada ya mafuriko, na siku yoyote linaweza kufungwa sehemu au lote. Wakisema limefungwa, limefungwa. Kijana akikunong'oneza kwamba anajua njia ya kando, mshukuru kwa heri na uendelee na mzunguko wa juu. Siku yako bado itakuwa nzuri.

Kilomita nane za kwanza

Kutoka lango la Elsa hadi korongoni ni kama kilomita nane. Barabara ni ya udongo na changarawe, na gari dogo linapita vizuri kukiwa kikavu. Mahali penye vumbi laini baiskeli huteleza, basi shuka usukume hatua chache.

Mbele kidogo tu ya lango utaona nguzo ya mwamba imesimama peke yake, kama mita 25 kwenda juu. Huu ndio Mnara wa Fischer, uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883. Ni lava iliyogandia kwenye koo la volkano, halafu udongo laini ulioizunguka ukaliwa na mvua na upepo. Wamaasai wana masimulizi yao ya nguzo hii: binti alikuwa anasindikizwa kwenda kuolewa, akaonywa asigeuke nyuma kutazama kwao. Akageuka, akawa jiwe. Kila ninapopita hapo namwonea huruma binti yule. Nani asingegeuka?

Simama hapa dakika kumi, si zaidi. Pimbi hutoka kwenye nyufa kuota jua na hukuruhusu uwasogelee. Usiupande mnara bila kamba na mtu anayeijua kazi hiyo.

Kuanzia hapo kuta zinaanza. Pande zote mbili magenge ya rangi ya kutu yanapanda, mengine yamechanika wima kama matete yaliyofungwa pamoja, na katikati yake ni uwanda wa nyasi. Pengo hili kati ya magenge ndilo lililowafanya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 kulipa eneo jina la lango la jahanamu. Mimi naona jina lingemfaa zaidi mtu aliyepita pale adhuhuri ya Februari. Asubuhi pana utulivu mkubwa. Tazama juu ya magenge uone tai na mbayuwayu wakizunguka penye upepo. Chini utaona pundamilia, swala, kongoni na ngiri, na wakati mwingine twiga akivuka barabara bila haraka.

Chui wapo lakini si rahisi kuwaona. Mnyama wa kuangalia hapa ni nyati. Ukimwona akiwa peke yake karibu na vichaka, simama mbali, ngoja, au geuka. Usipige kelele, usipige kengele ya baiskeli. Usiwalishe wanyama wowote.

Endelea mpaka kituo cha askari karibu na Mnara wa Kati, ambao Wamaasai wanauita Ol Basta. Hapo kuna mahali pa kuegesha, vyoo na meza za kulia. Na hapo ndipo utakapompata mwelekezi.

Kushuka korongoni

Chukua mwelekezi. Hata kama umeshuka mara tano, chukua. Wengi wao ni vijana wa Kimaasai waliokulia eneo hili, na wanajua jiwe gani linateleza na wapi mtu mfupi atahitaji kushikwa mkono. Kubalianeni bei kabla ya kushuka, mbele ya wenzako wote, na muulize kwa adabu: kaka, tukisikia maji tunatokea wapi? Akuonyeshe kila njia ya kutokea kwa dharura mnapoipita. Ikariri. Kwenye kundi la watoto nawaambia wahesabu wenyewe zile njia kwa sauti, kama wimbo.

Mteremko wa kwanza ni mkali lakini mfupi. Shuka uso ukitazama mwamba penye mwinuko mkubwa, mguu mmoja ushike kabla mwingine haujaachia. Watu waliokwisha kupita miaka yote hii wamechimba vikanyagio vidogo kwenye mwamba laini. Vitumie. Mkoba uwe mgongoni, mikono miwili iwe huru, simu iwe mfukoni. Picha nzuri haipigwi ukiwa unaning'inia.

Ukifika chini hewa inabadilika. Kuta zinakaribiana, mbingu inabaki utepe, na sauti zenu zinawarudia. Pitisha kiganja ukutani: mwamba umelambwa na maji mpaka umekuwa na mawimbi, tabaka la kijivu, tabaka la njano, tabaka la majivu laini yanayobaki vidoleni. Hayo ni maandishi ya milipuko ya volkano iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na Mlima Longonot ulioko jirani umechangia. Mwombe mwelekezi akuonyeshe mawe meusi yanayong'aa kama chupa. Ni kioo cha volkano. Watu wa Enzi za Mawe walikitengenezea visu na ncha za mikuki, na kioo cha eneo la Naivasha kilisafirishwa mbali sana na hapa. Kiangalie, kisha kirudishe palipokuwa. Kuchukua mawe mbugani hakuruhusiwi, na ukingo wake unakata kama wembe.

Kisha utasikia harufu kama ya kiberiti, na hapo maji ya moto hayako mbali. Yanatoka ukutani kwa mchirizi mwembamba, mahali pengine yakiacha utando wa kijani na wa kutu. Yanachoma kweli. Usijaribu kwa mkono mzima, wala usimwache mtoto atangulie mbele ya mwelekezi. Ardhi hii chini bado ina moto, na ndiyo sababu mitambo ya Olkaria, ya kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, iko ng'ambo ya pili ya kilima.

Kutembea kunachukua kati ya saa moja na saa tatu kulingana na sehemu iliyofunguliwa na kasi yenu. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba hivi, au mzee mwenye magoti yanayosumbua, ushauri wangu ni kuishia kwenye sehemu ya juu na kulitazama korongo kutoka ukingoni. Panapendeza pia.

Sasa jambo la kurudi. Novemba mmoja nilishuka na watoto wa dada yangu. Tulikuwa tumefika nusu, jua linawaka, mwelekezi akasimama akainua uso. Sisi hatukuona kitu. Alisema tu, "Turudi." Mpwa wangu mkubwa alinung'unika, na moyoni nami nilinung'unika. Tulipanda kwa njia ya kutokea iliyokuwa karibu, tukakaa juu tukinywa maji. Haukupita muda tukasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, na chini yetu, pale tulipokuwa tumesimama kupiga picha, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapita yamebeba matawi. Juu yetu hapakuwa na tone.

Kwa hiyo hizi ndizo dalili zangu za kugeuka, na moja inatosha: wingu jeusi upande wowote wa mbingu unaouona, ngurumo hata ya mbali, maji ya mkondoni kubadilika rangi au kuongezeka, upepo wa baridi kuvuma ghafla ndani ya korongo. Na mwelekezi akisema turudi, usiulize kwa nini mpaka mko juu. Ukisikia mngurumo, usikimbie kufuata mkondo. Panda ukuta kwa njia iliyo karibu, acha mkoba.

Lenga muwe mmetoka korongoni kabla ya saa sita.

Baada ya chakula, wanyama

Kuleni kwenye meza za kituoni, mtu mmoja akiwa mlinzi wa nyani. Pumzikeni. Mchana wa jua kali wanyama nao wamelala kivulini, hamkosi kitu.

Kuanzia saa tisa una njia mbili. Mwenye gari la juu anaweza kuchukua mzunguko wa Nyati, unaopanda vilimani na kukupa sura ya Longonot, mita 2,776, pamoja na uwanda wote chini yake. Mzunguko huo una mawe na makorongo madogo, na baada ya mvua gari dogo litakwama. Mwenye gari dogo au baiskeli arudi kwa njia ile ile aliyojia, na asidhani amepata pungufu: mwanga wa saa kumi jioni ukipiga yale magenge, rangi ya kutu inakuwa ya moto, na wanyama wametoka vichakani kuja nyasini. Zima injini. Dakika ishirini mahali pamoja zitakuonyesha mengi kuliko saa nzima ya kuzunguka.

Ukipenda, elekea upande wa Olkaria uone mabomba makubwa ya fedha yanayobeba mvuke kutoka visimani. Yamepindwa pindwa ili yapate nafasi ya kutanuka yakipata joto. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, kabla eneo hili halijawa mbuga mwaka 1984, na leo sehemu kubwa ya stima ya Kenya inatokana na mvuke wa ardhi hii. Watoto wa shule huulizana kuhusu hilo njia nzima ya kurudi. Kuna pia bwawa la kuogelea la maji ya moto huko, lenye kiingilio chake. Mwenye presha au mjamzito aulize daktari wake kabla ya kuingia.

Kutoka

Rudisha baiskeli saa kumi na moja ili usikimbizane na lango. Usiku barabara ya Nakuru ina malori mengi na taa kali, kwa hiyo mwenye gari aondoke Naivasha kabla giza halijaingia au alale mjini. Anayerudi kwa matatu awe njia panda kabla ya saa kumi na mbili kasoro robo, maana za kutoka Kongoni hujaa wafanyakazi wa mashamba saa hizo na unaweza kuachwa na mbili tatu. Ukiwa na nafasi, kula samaki wa kukaanga karibu na ziwa kabla ya kupanda. Wa Kisumu mtamlinganisha na wenu, najua, lakini mkiwa na njaa ya korongo mtammaliza hadi mifupa.